Bulaimu Yuko Kalima

Jumatatu, 2 Oktoba 1978

Posa yangu kwa Hadidja imepokelewa! Yaani, karibu ipokelewe. Baba yake, Mzee Asumani, hawezi kusema ndiyo bila kaka yake mkubwa, Bulaimu, na Bulaimu hajulikani alipo. Ameniomba nimtafute kwa fonie, ile redio ya duka letu hapa Kindu tunayoitana nayo na miji mingine, maana mimi ndiye ninayeiendesha. Nikamjibu papo hapo: yuko Kalima, machimboni. Nilisikia kabla ya Ramadhani. Kuuliza tena ni kumaliza betri bure, na betri hiyo ndiyo inayopiga rumba yangu jioni. Akili ni mali.

Jumanne, 3 Oktoba

Mzee mbishi. Anataka niulize mbele yake. Haya! Nikamwita Onema, mwenye fonie ya Kalima. Akathibitisha bila kusita: Bulaimu yuko huku. Nikamtazama mzee kwa dharau kidogo, ya heshima. Amepanda lori la Kalima. Okito fundi cherehani, ambaye naye anammezea mate Hadidja, ameniuliza kama nina hakika. Wivu mtupu.

Ijumaa, 6 Oktoba

Balaa. Mzee amerudi na matope hadi kofiani. Bulaimu alikwisha kuhama Kalima kitambo. Mzee alikuja moja kwa moja kwenye fonie, hakutaka kiti.

"Miye nilikutuma uulize, Masudi. Sikukutuma ukumbuke."

Nikamwita Onema kwa hasira: habari ile aliipata wapi? Kindu, anasema. Kwa nani Kindu?

"Njo weye ulinambia, mbele ya Ramazani. Miye sikutoka hata kwa kiti."

Mpumbavu! Namwuliza nipate habari, kumbe ananirudishia maneno yangu mwenyewe. Mtu gani anajibu bila kwenda kuuliza?

Jumamosi, 7 Oktoba

Baada ya salongo, ile kazi ya umma ya kila Jumamosi, Hadidja amekuja mwenyewe. Kwa upole akaniomba niulize Kibombo, huenda baba mkubwa analima mpunga huko. Upole ule umeniuma kuliko hasira ya baba yake. Nampenda, naandika wazi. Nikawasha fonie. Kimya. Betri imekufa, jana nilijiliwaza na rumba mpaka kanda ikaisha. Okito, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, hakuuliza fonie wala mtu. Amepanda treni ya Kibombo.

Jumatano, 11 Oktoba

Okito amerudi na Bulaimu. Bulaimu anamwita mwanangu! Posa yake imekubaliwa. Yangu imerudishwa, pamoja na jogoo niliyempeleka. Nimelia kidogo nyuma ya duka. Kosa ni la Onema.

Alhamisi, 12 Oktoba

Betri imejaa. Mama ameniita kwa fonie kutoka Punia, anauliza kama Hadidja bado ni mchumba wangu, maana shangazi zangu wako tayari kwa safari ya harusi. Nikamjibu papo hapo: ndiyo, bado ni mchumba wangu. Aliuliza hivyo hivyo wiki iliyopita, na jibu nililompa siku ile ninalo. Ya nini kumsumbua tena Mzee Asumani? Mama anasema mbuzi wamekwisha kupakiwa kwenye lori.