Firigisi ya Baba Imepotelea Foyer

Kadutu, Bukavu, mwezi wa Septemba 1957

Bwana Mhariri mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na wote wanaopanga herufi za gazeti letu, nikiomba nafasi ndogo kati ya bei ya kahawa na saa za misa. Mimi ni Isidore Balagizi, karani katika ghala la kahawa, mume wa Euphrasie na baba wa Delphine. Si mgomvi. Maendeleo nayapenda: nina baiskeli, nina saa ya mkononi, na nyumbani kwangu mna meza isiyoyumba. Nalalamika kwa sababu mapishi mazuri yanaivunja nyumba yangu, na sijamsikia mtu mwingine akithubutu kulisema hadharani.

Mwaka jana wenzangu kazini walikuwa wakijisifia wake zao wanaosoma Foyer Sainte-Marthe, mahali ambapo Madame Georgette huwafundisha mama zetu kushona, kuogesha watoto na kupika. Nikaona nisibaki nyuma. Nilimpakia Euphrasie kwenye baiskeli, nikampeleka mwenyewe, nikamnunulia na aproni. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi bado niko ndani. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuonja. Kwetu wazee walishika desturi kwamba mwanamke hupika kuku lakini hamli. Mama yangu alipika kuku maisha yake yote bila kugusa hata tone la supu. Chumvi aliikisia. Siku nyingine ilizidi, siku nyingine haikuwamo kabisa, nasi tulikula kwa uvumilivu wa Kikristo. Sasa Euphrasie anasimama mbele ya mbabula ya makaa na kijiko cha mti, anaonja, anafumba macho, anaongeza kitunguu, anaonja tena. Madame amewaambia kwamba mpishi asiyeonja ni kipofu anayevusha watu barabara. Matokeo yake chumvi ni sawasawa kila siku, nami sina tena la kusema nikikaa mezani. Mwanaume asiye na neno juu ya chumvi, kazi yake nyumbani ni ipi?

2. Ndagala. Hapa naomba usome taratibu. Madame alifundisha samaki kwa kutumia samaki mkubwa, wa kujaza sinia. Akasema: kabla ya kumtia kwenye mafuta, mkate kichwa, mtoe matumbo, umwoshe. Euphrasie ni mwanafunzi mtiifu. Jumamosi ile nilikuwa nimeleta ndagala wakavu, wale dagaa wadogo kama kidole wanaopanda na kamio la mizigo kutoka Uvira kupitia Sange. Nilipotoka kunyoa nywele nikamkuta amekaa kwenye kigoda, kisu kidogo mkononi, anawakata vichwa mmoja mmoja. Bakuli lilikuwa bado limejaa. Delphine, ambaye hajaanza hata shule, alikuwa pembeni akiwashikia mikia ili wasiteleze.

Bwana Mhariri, kichwa cha ndagala ndicho ndagala mwenyewe. Ukitoa kichwa unabaki na uzi. Vile vichwa alivichukua jirani yetu Madeleine, mke wa Honoré fundi cherehani. Akavipika kwa nyanya, mafuta ya mawese na pilipili, na Honoré alikula akiwa ameketi mlangoni ili nimwone. Sisi tulikula mikia kwa uma.

3. Mazungumzo. Madame amesema familia yote ikae meza moja, na mume na mke wazungumze mambo ya kupendeza wakati wa chakula. Mimi nililelewa kwamba mdomo wenye chakula unafungwa. Siku ya kwanza Euphrasie aliweka sahani ya mbuzi aliyepikwa polepole na karoti, akakaa mbele yangu, akaniuliza, "Papa Delphine, kazi iko namna gani?" Sikuwahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote. Nikamwambia habari za magunia. Kesho yake akauliza tena, nikarudia magunia. Siku ya tatu magunia yaliisha, ikabidi nimwambie ukweli, kwamba bosi alinigombeza mbele ya wapagazi na kwamba jambo hilo liliniuma sana. Akaniongezea mbuzi. Sasa anajua kila kitu. Siri za mwanaume zinatolewa kwa karoti.

4. Firigisi. Sasa nafika kwenye jeraha lenyewe, na hapa sifanyi mchezo.

Kila msomaji wako anajua kwamba firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba, na akija baba yake, ni ya baba yake. Haigawanywi, haiombwi. Inawekwa juu ya nyama zote, nzima, ili kila mtu aione kabla ya kusali. Ndivyo mzee anavyojua kwamba bado anakumbukwa.

Mwezi uliopita baba yangu alishuka kutoka Nyangezi kutusalimu. Euphrasie ana mimba, na kwetu babu ndiye anayempa mtoto jina. Nilichinja jogoo. Euphrasie hakumkatakata kama watu. Alimpaka siagi, akamjaza vitunguu tumboni, akamtia mzima katika furu ya kuokea niliyomtengenezea kwa pipa la mafuta ya gari. Harufu yake ilifika hadi barabarani. Kisha akamkalisha baba mezani, yeye mwenyewe akakaa mbele yake, mukwe na baba mkwe uso kwa uso, jambo ambalo kwetu halifanyiki, kama Madame alivyoagiza. Baba hakuinua macho hata mara moja.

Kuku akaletwa, na supu, yaani mchuzi wake, pembeni. Nikaangalia juu, hakuna firigisi. Nikaangalia ubavuni, hakuna. Nilimwuliza Euphrasie kwa sauti ya chini, naye akajibu bila wasiwasi, "Iko mu supu, Papa Delphine. Niliikatakata. Ndiyo inaleta utamu." Niliona giza. Baba alikuwa ameinamia sahani yake, anachukua kipande cha mkate, anakipitisha kwenye mchuzi huku na huku, anarudi palepale, anapitisha tena. Nilijua anatafuta. Mzee wa umri ule, anatafuta heshima yake kwa kipande cha mkate.

Alipomaliza alisimama, akachukua kofia na fimbo yake, akasema "Aksanti" tu, akatoka. Mkeka wake ulikuwa umekwisha kutandikwa. Kahawa ilikuwa jikoni. Alipanda kamio la jioni kurudi Nyangezi. Tangu hapo nimewatuma watu wa soko wamsalimu, na hakuna aliyerudi na jibu. Mtoto yuko karibu, na jina hana. Bwana Mhariri, nampenda baba yangu. Usiku nakaa macho nikiuona mkono wake na ule mkate.

5. Kodi. Jambo hili si la nyumba yangu peke yake, ni la koloni nzima. Kila mwaka Serikali hunitoza kodi kama mwanaume mwenye nyumba. Vema. Lakini ni nini kinachothibitisha kwamba mimi ndiye mwenye nyumba? Chumvi imekwisha kuondolewa mikononi mwangu. Siri zangu zimekwenda na karoti. Kulikuwa kumebaki firigisi peke yake, nayo imekatwakatwa na kugawiwa watu wote kwa kijiko, akiwemo Delphine, ambaye halipi kodi. Basi mmoja kati yetu atozwe: ama mimi nirudishiwe firigisi, ama mkusanyaji kodi akabishe hodi kwenye sufuria.

6. Majirani. Tangu ile furu ianze kazi, Honoré huja kuazima nyundo kila Jumapili saa ya chakula. Nyundo ninayo moja, na anayo yeye tangu Pasaka.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu haya: Madame Georgette aongeze somo la kusahau, ili mama zetu wajifunze kupika vibaya kidogo siku wazazi wanapokuja, vichwa vya ndagala viachwe mahali Mungu alipoviweka, na firigisi iandikwe katika sheria, ikaguliwe kama leseni ya baiskeli, na mwanamke atakayeikatakata aitwe mbele ya wazee. Yasipofanyika haya, sioni njia nyingine ila sisi wanaume tuingie Foyer wenyewe, tuvae aproni, tuilinde firigisi hukohuko jikoni.

Nakomea hapa nisije nikakuchosha. Nisalimie wapiga chapa wako, wanaobeba gazeti mpaka Minova, msomaji aliyeliazima na hajalirudisha, na mama wa nyumbani kwako, ambaye natumaini bado anakisia chumvi.

Wako katika maumivu na maendeleo,

Isidore Balagizi

Nyongeza: Barua hii imekaa juu ya kabati siku chache kwa kukosa tembo la posta, ile stempu ya kubandika, na katika kukaa huko mambo yameharibika.

Jana baada ya misa tulimkuta baba amekaa mlangoni petu, jogoo mkubwa chini ya kwapa. Nilipiga magoti nianze kumwomba msamaha kuhusu firigisi. Alinitazama kama mtu aliyepotea njia. "Firigisi gani? Niliikula. Ilikuwa mu ile supu, na ilikuwa nzuri kupita zote nilishakula." Nikamwuliza kwa nini basi alikimbia hata kahawa. Akaangalia kama Euphrasie yuko karibu, akaninong'oneza: "Ningebakia kidogo, mwana yangu, ningelamba sahani mbele ya mukwe. Nilikimbia haya." Alikuwa ameniachia salamu zangu bila jibu kwa sababu hakujua namna ya kujialika tena.

Euphrasie, ambaye kumbe alikuwa ameisoma barua hii juu ya kabati wakati wa kufuta vumbi, alimpika jogoo huyo, na safari hii aliitoa firigisi nzima, akaiweka juu kabisa. Baba akachukua kisu, akaikata katikati, nusu akala yeye, nusu akaiweka kwenye sahani ya Euphrasie. "Ule mwenye alipika, naye akule," akasema, na safari hii aliinua macho. Euphrasie alikula akilia. Baba akasema mtoto akizaliwa atakuja na jina, ila furu iwe imewashwa.

Kwa hiyo naomba, Bwana Mhariri, barua hii usiichape. Badala yake niulizie kwa Madame Georgette kama ile nafasi ya wanaume niliyoitaja kwa hasira inaweza kupatikana kweli, kwa ajili ya watu wawili, mimi na baba yangu.

Mimi jana nilipewa shingo. Sikulalamika. Mchuzi ulikuwa umefika mpaka humo.