Mngurumo wa Springi kwenye Buugi ya Malaba

Rafiki zangu tuliosoma pamoja Amagoro,

Mnisamehe mwandiko na makosa ya herufi. Mnajua niliishia la saba. Naandika polepole, nanyi someni polepole.

Leo nimeumbuka.

Mnajua kwamba siku hizi napiga gitaa la solo katika bendi ya Mzee Ekirapa, yule mwenye hoteli hapa Malaba. Nyuma ya hoteli kuna ukumbi, na kila Jumamosi alasiri kuna buugi, dansi ya mchana. Mama yangu hupika humo hotelini na kufagia ukumbi. Mimi hupiga gitaa nikiwapa watu mgongo. (Nikiwatazama, vidole husahau.)

Amplifaya yetu ni ya zamani, ya zile taa za kioo zinazowaka ndani kama makaa. Ina eko. Ukipiga noti moja inajirudia kama mtu anayeita bondeni. Eko hiyo ndiyo hunifichia makosa. Wiki hii ilififia. Noti ikitoka, inakufa hapo hapo.

Mzee Ekirapa alinikalisha chini.

"Kijana, gitaa lako linalia kama kopo."

"Ni eko, Mzee."

"Basi irudishe. Kuna kijana wa Nambale ana amplifaya yake mwenyewe, na anacheka na watu. Jumamosi eko isipolia, wewe rudi kwa ng'ombe."

Nilisafisha plagi kwa petroli. Nilibadilisha nyaya. Nilihamisha taa moja nikaiweka mahali pa nyingine. Hakuna kitu. Leo alfajiri nikazichomoa taa zote, nikazifunga ndani ya sweta, nikaenda Busia kwa fundi Saidi wa redio. Nilizipakata njia nzima kama mayai.

Fundi Saidi alizipima moja moja, bila haraka.

"Taa zako nzima, ndugu."

"Sasa eko?"

"Eko ni springi. Kuna sinia la bati chini ya sanduku, ndani yake springi mbili ndefu. Sauti hupita humo ikitikisika. Umeziangalia?"

"Bado."

"Basi Busia umekuja kufanya nini?"

Nikazifunga tena taa zangu ndani ya sweta. Nilirudi Malaba jua likiwa kali, nimechoka hata kabla ya kazi.

Nikafungua sanduku kwa chini. Sinia lilikuwepo, na springi zilikuwepo. Katikati yake mtu alikuwa ameshindilia kipande cha leso kuukuu, chenye maua ya rangi ya chungwa. Springi zilikuwa zimebanwa, haziwezi hata kupumua. Niliona kama leso hiyo naijua, lakini sikukumbuka nimeiona wapi. (Nyumbani. Kila asubuhi. Kichwani mwa mama. Lakini nilikuwa na haraka.) Nikasema ni panya, nikaitoa, nikaitupa.

Nikarudisha taa mahali pake, nikajaribu noti moja. Ilienda, ikarudi, ikaenda tena. Karibu nilie.

Saa tisa ukumbi ukajaa. Madereva wa malori, wasichana wa Kocholia waliokuja na viatu mkononi ili visipate vumbi, vijana wa sokoni. Nikazungusha kitufe cha eko mpaka mwisho. Wimbo wa kwanza watu wakapiga makofi. Mzee Ekirapa, akiwa mlangoni na soda yake, akatikisa kichwa kama mtu anayekubali. Rafiki zangu, nilijisikia mtu mzima. Nikafikiri, leo nitageuka niwatazame.

Nikageuka. Kisigino kikagonga benchi lililobeba amplifaya. Benchi likayumba, na springi zikagongana ndani ya sinia, eko ikiwa mpaka mwisho.

Huo mlio siwezi kuuandika. Ni radi, lakini radi iliyo ndani ya nyumba.

Nanyi mnajua miaka hii hapa mpakani tunavyoishi, na askari wenye bunduki ng'ambo ya pili. Mlio mkubwa ukitokea, hakuna anayeuliza ni wa nini. Watu hukimbia kwanza, kuulizana ni baadaye. Mtu mmoja akasema, "Wamevuka," na hakuhitaji kusema mara ya pili. Madereva walitokea dirishani. Viatu vya wasichana vilibaki peke yavyo.

Mimi pia nilikimbia. Mimi niliyegonga benchi. Mimi niliyeitoa ile leso kwa mkono wangu mwenyewe. Akili ilijua ni springi, lakini miguu haikuwa imesoma. Na gitaa lilikuwa shingoni, na waya wake bado umo ndani ya amplifaya. Nilipofika mlangoni, waya ukaivuta ikaanguka, ndipo ukachomoka. Radi ya pili, kubwa kuliko ya kwanza. Wale waliokuwa wameanza kurudi wakaenda moja kwa moja.

Nilikimbilia choo cha mabati nyuma ya jiko. Mlango ulikuwa umeshikiliwa kwa ndani.

"Kuna mtu," sauti ikanong'ona.

Sauti hiyo naijua.

"Mzee, ni mimi."

"Ingia haraka. Funga."

Tukasimama wawili, shimo katikati yetu, gitaa likimchoma tumboni. Soda alikuwa nayo bado.

"Umewaona wangapi?" akauliza.

"Nani, Mzee?"

"Hao wanaopiga."

Ikabidi niseme. "Mzee, ni springi."

"Springi gani?"

"Za eko. Ulisema irudi. Imerudi."

Alinywa funda moja la soda. Kisha tukasikia sauti ya mama kutoka ukumbini. Yeye hakukimbia.

"Rudini," alikuwa akiita. "Ni mashine ya mtoto wangu tu. Jumanne nilifagia, aliiacha inawaka, ufagio ukaigusa ikanguruma, nikaangukia sufuria ya maharagwe niliyoiweka kando. Nikaiziba mdomo na leso pale chini ilipokuwa ikitikisika, nikaona haya kusema. Sasa nani ameizibua?"

Watu wakaanza kucheka huko nje. Mzee Ekirapa akanishika mkono wa shati.

"Kijana. Umenikuta wapi?"

Nikafikiri. "Jikoni, Mzee."

"Nikifanya nini?"

"Ukiuliza kama nyama imeiva."

"Vizuri. Jumamosi ijayo usichelewe."

"Na yule wa Nambale?"

"Nambale ni mbali," akasema, akatoka kwanza.

Nilirudi ukumbini na gitaa shingoni, waya ukiburuta nyuma yangu kama kamba ya mbuzi aliyetoroka. Walicheka wote, hata wale waliokuwa bado wanatafuta viatu. Amplifaya ilikuwa imerudishwa benchini, taa zake bado zinawaka, na mama alikuwa kichwa wazi. Kitambaa chake kilikuwa tayari ndani ya sinia. Nikapiga mpaka jioni, na gitaa likalia kama kopo. Hakuna aliyelalamika.

Fundisho nililopata ni hili: ukikuta kitu kimezibwa, muulize mama yako kwanza.

Tafadhali nijibuni, kila mmoja, hata kama ni maneno machache. Ila barua ninazoletewa hupitia hotelini kwa Mzee Ekirapa, na yeye hufungua yoyote iliyo nene. Kwa hiyo andikeni habari za mahindi na mvua. Mkitaka kunicheka, nichekeni huko huko. Lakini habari ya choo, hamkuisikia kwangu.