Nukta kwa Kamba ya Kupandia Pamba

Jumatatu, 1 Julai 1974

Leo nimeamua kuwa mtu maarufu. Sina njia nyingine. Mzee Kamili, baba yake Salvina, amesema mbele ya watu kwamba anayemtaka binti yake, kama hana ng'ombe, basi awe na kitu cha kumtambulisha. Mimi ni karani wa mizani ya pamba hapa kijijini, Bukombe. Ng'ombe sina. Nina riwaya.

Salvina ni mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima. Ametangaza kwamba Jumapili, sikukuu ya Saba Saba, hadithi moja itachaguliwa mbele ya umati na kupelekwa gazetini. Walioandika ni wawili tu. Mimi, na Ansgar fundi baiskeli, ambaye naye anamtaka Salvina. Ana ng'ombe kumi na wawili. Akipata na gazeti, nimekwisha.

Lakini hofu ya nini? Riwaya yangu, Usingizi wa Nyamizi, niliitunga mchana, nimelala chali juu ya rundo la pamba ghalani, vumbi jeupe likielea kwenye mwanga wa dirisha. Msichana analala, anajikuta angani, anatembea na ndege mpaka ziwani Nkome. Kurasa arobaini na moja. Hakuna nukta hata moja, wala mkato. Ndoto haina vituo. Salvina amepitia kurasa mbili, akaniuliza taratibu msomaji atapumulia wapi. Nimemwambia msomaji wa kweli hapumui.

Jumatano, 3 Julai

Jaribio darasani. Aibu tupu.

Msomaji ni Telesphori, yule anayesoma masomo kanisani. Sauti anayo. Sasa, kwetu hadithi huitikiwa. Msimuliaji akitua, wasikilizaji husema eeh, ndipo anaendelea. Asiyetua ni sawa na anayekula peke yake mbele ya wageni. Telesphori hakuona pa kutua. Alishika njia ya Nkome moja kwa moja, mishipa ya shingo imemsimama. Bibi Euphrasia alifungua kinywa aitikie, akakifunga. Akafungua tena. Mara ya tatu akainuka, akasema amekumbuka mtama wake uko juani. Wenzake nao wakakumbuka mitama yao.

Waliitwa tena kwa ajili ya Ansgar. Hadithi yenyewe ni ya kuku. Kuku alipotea. Eeh. Tukamtafuta. Eeh. Jioni mlango wa banda ukabaki wazi. Hapo kimya kirefu, na mama mmoja akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Kwa kuku! Bibi Euphrasia alimpa Ansgar pole kabisa, kama aliyefiwa.

Alhamisi, 4 Julai

Nimeipata siri. Ni nukta. Watu hawa wanapenda nukta. Basi nitawapa mpaka washibe.

Swali ni wapi pa kuziweka. Nikakumbuka kamba ya bwana shamba. Si ndiyo aliyotufundishia kupanda pamba? Unaivuta shambani, kila penye fundo unadondosha mbegu, mistari inanyooka, mavuno yanakuja. Nimechukua uzi, nimefunga fundo kila vidole vinne, nimeutandaza juu ya kila mstari wa riwaya. Penye fundo, nukta. Katikati ya mafundo, mkato. Kazi tamu ajabu. Sikulazimika kusoma neno hata moja. Mara nilisinzia, nikaona shamba kubwa jeupe lisilo na mwisho, na Salvina anakuja katikati ya mistari bila kukanyaga mche.

Nilipoamka wino ulikuwa shavuni.

Ijumaa, 5 Julai

Nimempelekea Salvina kazi mpya. Aliitazama muda mrefu. Kisha akasema nije kwao alasiri, tukae barazani, nimsomee polepole kwa sauti yangu mwenyewe, na kila nitakapotua yeye ataweka alama. Akasema huenda ikachukua siku mbili.

Nimekataa kwa heshima. Mwandishi hapaliliwi shamba lake. Nikamwambia pia kwamba nukta zangu zimepimwa, za Ansgar zimebahatishwa. Akajibu kwamba za Ansgar hazikubahatishwa. Ansgar alikaa barazani kwao alasiri tatu.

Maskini Ansgar. Hata nukta hawezi kuziweka peke yake.

Jumapili, 7 Julai

Saba Saba. Ngoma, pombe ya mtama, Mzee Kamili kiti cha mbele. Nilivaa shati la mazishi.

Telesphori kanisani huheshimu kila nukta, na zangu aliziheshimu zote. Akatua kwenye nusu ya jina la Nyamizi. Eeh, wakaitikia. Akamaliza nusu nyingine, akatua. Eeh, wakaitikia kwa mashaka. Ukurasa wa pili umati mzima ulikuwa kama una kwikwi. Vijana wakaanza kucheka.

Hilo ningelivumilia. Lakini ukurasa wa tisa mama yake Nyamizi anakufa. Mama huyo ni mama yangu. Nimemwandika alivyokuwa, na kikohozi chake, na mkono wake juu ya paji langu la uso. Hapo fundo halikuangukia. Telesphori alimpita, akaenda kutua mbele, kwenye neno beseni. Eeh, wakasema, kwa beseni. Mama yangu alikufa katikati ya mstari na hakuna aliyemwitikia. Nilitazama viatu vyangu. 

Kisha kutoka upande wa wanawake nikasikia eeh moja, imechelewa, ya chini. Ilikuwa ya Salvina.

Wamechagua kuku.

Jumanne, 9 Julai

Asubuhi Salvina amekuja mizanini bila mzigo wa pamba. Amenirudishia kurasa zangu. Ameniambia mjomba wa Ansgar amekwenda kwao na mshenga, na baba yake amempa mpaka Jumapili ajibu. Yeye bado hajajibu. Kisha akafungua ukurasa wa tisa. Amefuta alama zangu zote za pale, ameweka nukta moja kwa penseli, baada ya kifo cha mama. Akasema hapo ndipo alipotua yeye. Akaniuliza kama ningependa kuja leo barazani tuzimalize zilizobaki.

Nimemwambia mwandishi haharakishwi, aje baada ya mavuno. Ameniaga na kuondoka.

Alipokwenda nimeipima nukta yake. Imekosea fundo kwa kidole kizima! Nimeifuta, nikarudisha zangu. Kesho natafuta uzi usionyumbuka.