Mama Milembe Avuka Bwalo la Marumaru

Wekeni vijiko chini, enyi wana wa mabweni, nanyi mliowahi kuona uji wenu ukitangulia kufika sakafuni, sogeeni. Kwa maana hii ni habari ya Mama Milembe, mpishi wa shule moja pale Bariadi, mshinda moshi, mbeba ndoo, na ya hatua zake kumi na mbili.

Adui walikuwa marumaru. Mwalimu Mkuu Januarius aliyaleta bwaloni mwezi wa pili, meupe, yaking'aa hata mtu aweza kuhesabu meno yake, na tangu hapo Mama Milembe alikuwa ameanguka mara mbili na ndoo mbili.

"Ya tatu, utahamia kufagia uwanja," Mwalimu alimwambia. "Shida ni hayo makatambuga yako ya tairi. Hapa si machungani."

Hata ikawadia siku ya Mhandisi Benedikta, aliyetumwa kupima kama sakafu ile inateleza. Na kwa kuwa mgeni hapokelewi na sakafu iliyofubaa, Mwalimu aliwaamuru wanafunzi waipake mafuta ya pamba. Wakasugua kwa utii wa kutisha.

Kengele ya saa nne ikalia. Mama Milembe akasimama mlangoni mwa jiko, ndoo kichwani, miguuni viatu vyeusi vya kanisani alivyoamriwa kuvaa. Akatanguliza mguu mmoja. Mguu ukaenda zake. Akaurudisha. Nyonga ikamkumbusha anguko la Jumatatu.

Ndipo akatua ndoo, akavua viatu vya heshima, akavaa makatambuga.

"Mayu, mama yangu, Mwalimu anakuangalia," akanong'ona Mboje, kiranja wa chakula.

"Aangalie. Nitwishe, uji unapoa."

Akaenda. Hatua ya kwanza, tairi liliuma marumaru kama fisi aumavyo mfupa. Ya tano, bwalo zima liliacha kupumua. Ya saba, uji ukapanda hadi ukingoni, ukachungulia chini, ukaghairi.

"Mama Milembe," akanena Mwalimu kwa sauti ya gwaride, "mbele ya mgeni, na matairi?"

Akatoka kwa hatua ndefu kwenda kumzuia. Akateleza, akampita Mama akiwa amekaa chini, tai ikipepea begani, akasimamishwa na meza ya mgeni.

"Ni mafuta haya tu," akasema kutoka chini.

Mama Milembe akatua ndoo mezani. "Mimi nilianguka kabla ya mafuta, Mwalimu. Yalikuwa maji tu."

Mhandisi akafuta mafuta kwa sabuni, akamwaga maji, akaachia ubembee mkono wa kipimo chake, wenye mpira kama soli ya kiatu. Ukapita juu ya marumaru bila kushikwa na chochote.

"Sakafu ya bwalo lazima ishike mguu hata ikilowa," akasema akiandika, "na mguu wowote, hata usio na tairi. Marumaru haya yatolewe."

Uwanja ukakosa mfagiaji. Mwalimu Mkuu akatazama hatua kumi na mbili, zilizolowa, zilizomtenga na mlango.

"Mama Milembe," akasema chinichini, "unavaa namba ngapi?"

Na iandikwe, vizazi vya Simiyu visome: siku ile halikumwagika hata tone la uji, na Mwalimu Mkuu alitoka bwaloni kwa matairi.