Meno ya Plastiki Ulyankulu

(Maneno ya Mheshimiwa Sylvester Mahona, Mratibu wa Kanda wa Uhamasishaji wa Kinywa, siku alipozindua Kliniki ya Meno ya Familia huko Ulyankulu, mkoani Tabora.)

Mheshimiwa mwenyekiti wa shughuli hii, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi. Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi pia. Baba paroko uliyetuombea sala fupi kuliko tulivyopanga. Wazee mashuhuri na wazee wa kawaida. Wakulima wa tumbaku, warina asali mliotoka Sikonge kwa baiskeli, wafugaji kutoka Igunga mliodhani huu ni mnada wa ng'ombe. Akina mama wa vikoba, vijana wa bodaboda, wageni waalikwa na nyinyi wengine mliofuata harufu ya pilau. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na ambaye hajatajwa ajitaje mwenyewe kimoyomoyo. (Makofi.)

Nianze na historia. Wapo watu wanaotucheka kwamba Tabora tumechelewa katika sekta ya meno. Tumechelewa wapi? Enzi za misafara, ni nani aliyebeba meno ya tembo begani kutoka huku bara hadi pwani kwa miguu yake? Ni Mnyamwezi! Kwa hiyo, kwa mujibu wa utafiti nilioufanya mwenyewe nikiwa kwenye gari, mkoa huu umekuwa ukishughulika na meno kwa zaidi ya karne moja na nusu, tofauti ni kwamba zamani tuliyabeba na sasa tunayahamasisha. (Makofi. Mzee mmoja: "Na yale yaling'olewa bila ganzi!") Asante mzee, hilo tutaliingiza kwenye andiko la mradi.

Kliniki hii mnayoiona nyuma yangu, yenye utepe mwekundu, ni matokeo ya mchakato jumuishi, shirikishi na mtambuka, uliohusisha mastekiholda wa ngazi zote isipokuwa ngazi ya chini ambayo haikupatikana kwenye simu, na baada ya fizibiliti kukamilika ilibainika kwamba asilimia mia na nne ya wakazi wa Ulyankulu wana vinywa. (Kicheko.) Msicheke, hizo ni data. Asilimia nne zilizozidi ni wageni.

Mlituletea maswali yenu, na mimi siyo kiongozi wa kukimbia maswali, hukimbia majibu tu. Mmeuliza mtu apige mswaki mara ngapi kwa siku. Wataalamu wanasema mara mbili, asubuhi na kabla ya kulala, lakini ofisi yangu, kwa kuzingatia hali halisi ya maji, imeweka lengo la mara moja na nusu. Mmeuliza kama familia nzima inaweza kutumia mswaki mmoja. Ndugu zangu, neno familia limo kwenye jina la mradi, sitaki kulisemea vibaya, nimeunda kamati. Kuna aliyeuliza kama jino lililotoboka litiwe maji ya betri. Hapana! Gari la ofisi linaishiwa maji ya betri kila wiki na leo nimejua yanakokwenda. Na kuna mama ameuliza kwa nini meno ya utotoni yatunzwe wakati yatang'oka tu. Mama, hata cheo changu ni cha muda, lakini unaona ninavyotunzwa. (Makofi na vigelegele. Mama kijana mwenye mtoto mgongoni anasimama: "Shikamoo mheshimiwa.")

Marahaba, mama. Sema kwa kifupi, wa kusema kwa kirefu ni mimi. ("Naitwa Inamahoro. Mwanangu ana miezi saba, ana homa na anaharisha. Mama mkwe wangu huyu hapa, mama Demetria, anasema fizi zimevimba, ni meno ya plastiki, tumpeleke kwa mzee Lugembe ayachokonoe kwa spoku ya baiskeli. Mtoto wa jirani yetu alichokonolewa hivyo hivyo, akatoka damu mpaka akafa. Nimemwomba mama asubiri leo, kwa sababu mlitangaza daktari wa meno anakuja. Sasa naomba kujua, yang'olewe au yasing'olewe?")

Meno ya plastiki! Mama, umenigusa, maana hata mimi ninayo. (Anayatoa, anayaonyesha kwa umati, anayarudisha.) Manne ya juu, nilitengenezewa Dar es Salaam, natafunia mahindi ya kuchoma na sijapata kuharisha hata siku moja, kwa hiyo plastiki haina kosa. Ninachojiuliza mimi ni kitu kimoja tu, mtoto wa miezi saba amepataje meno ya bandia wakati watumishi waandamizi bado wako kwenye foleni? Huo ni upendeleo! (Kicheko. Sauti ya mwanamke: "Siyo hayo, mheshimiwa! Ni meno yake mwenyewe yanataka kuota, watu ndio wanayaita ya plastiki. Mtoto apelekwe zahanati, hiyo homa huenda ni malaria!")

Mama, usinifundishe plastiki. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchi hii mimi nilikuwa mstari wa mbele kuandaa chai ya kikao. Na kuhusu zahanati, imefungwa, na imefungwa kwa sababu nzuri, kwani wahudumu wake wote wako Tabora mjini kwenye semina niliyoiandaa ya Tabasamu Endelevu. (Demetria: "Mheshimiwa, mtoto anachemka. Jibu ni lipi?") Bibi, swali la kitaalamu halijibiwi kisiasa. Mnaliona lile koti jeupe pale mlangoni? Basi. Kaeni mtulie. (Inamahoro anakaa na mtoto mapajani, akilikazia macho lile koti.)

Sasa nijisifu kidogo, maana nikiwaachia nyinyi mtasahau. Kabla sijateuliwa, kanda hii haikuwa na mratibu wa kinywa. Leo ina mratibu, ina gari la mratibu, na ina msaidizi wa mratibu anayeitwa Advera ambaye amenishikia mwavuli tangu asubuhi. Ifikapo mwisho wa awamu, kila kaya ya mkoa huu itakuwa imefikiwa kidijitali, kwa maana kwamba itatumiwa ujumbe, na wasio na simu watasomewa na wenye simu. (Makofi machache.)

Kwa hayo yote, nikisema Kinywa, nyinyi semeni Wazi! Kinywa! (Wazi!) Siwasikii Ulyankulu, kinywa! (Wazi!) Meno yetu! (Kimya.) Hapo mnasema Fahari yetu, lakini siyo mbaya, mtajifunza.

Nimalizie kwa shukrani. Nimshukuru sana ndugu Jonasi, muuza nyama wetu, kwa kusimama mlangoni saa zote hizi akiwa na koti lake jeupe la buchani. Picha zimetoka vizuri mno na makao makuu wameshazipokea. Nimshukuru kinyozi Shaban kwa kutuazima kiti kinachozunguka, na wateja wake wanaosubiri wavumilie. Nikishukuru chama cha wakulima kwa ghala lao la tumbaku, ambalo tunawarudishia sasa hivi, na ninaomba kile kibao cha kliniki kishushwe taratibu kisikwaruzike, maana jioni kinatakiwa Nzega, ambako nazindua tena kliniki hii hii. (Minong'ono. Inamahoro anasimama: "Kwa hiyo daktari ni nani?")

Daktari, mama, yumo kwenye awamu ya nne ya mradi. Leo tumekamilisha awamu ya picha. (Demetria: "Umesikia kwa masikio yako. Daktari hakuna. Nipe mtoto." Inamahoro anamkumbatia mwanawe kwa nguvu, anatazama huku na huku. Kisha anamwachia.)

Naona ile familia imeshafikia mwafaka, bibi amembeba mjukuu na wanaelekea kwa mzee Lugembe. Hicho ndicho ninachokihubiri kila siku, wananchi wanaochukua hatua bila kuisubiri serikali. Wapigieni makofi! (Hakuna anayepiga.) Jamani, nimesema makofi.