Kizibuo cha Daktari

Jumatatu, 4 Machi

Asubuhi manyunyu, kisha jua la kinafiki. Nimefika kliniki wa kwanza, nikafungua madirisha, nikapanga magazeti ya mwaka juzi kwenye meza ya wagonjwa. Siku ya kawaida, nikadhani.

Habari kubwa. Daktari anastaafu Ijumaa! Ametutangazia glavu zikiwa bado mkononi, kama anayetangaza jino la kung'oa. Nimekaa mapokezi yake miaka mingi, na mvinyo nimefundishwa na yeye, jioni, mgonjwa wa mwisho akishaondoka. Tazama, nusa, onja, kisha nyamaza. Hilo la nne bado linanishinda.

Sijaona mtu anayependa mvinyo kwa heshima kama yeye. Wenzake madaktari hujisifu kwa bei. Yeye husema chupa ghali ikiwa nzuri haistahili pongezi, imetimiza wajibu wake tu. Pongezi ni za chupa nzuri iliyo rahisi.

Halafu akatoa kizibuo chake mfukoni. Mpini wa mti mweusi uliolainishwa na kiganja chake, skrubu imenyooka kama siku ya kwanza. Akasema atamwachia yule atakayeleta Ijumaa chupa mbili, nyekundu moja na nyeupe moja, zilizo tamu kuliko bei yake. Ulimi utahukumu, na risiti itahukumu.

Kizibuo kile ni changu. Moyoni kilikuwa changu zamani, bado kufika mkononi tu.

Kikwazo ni Ganzi, nesi wetu. Tulimpa jina hilo kwa sababu akianza kuongea husikii tena maumivu wala kitu kingine chochote. Naye amesema atashindana. Akanitabasamia kwa meno yote thelathini na mawili. Hajapoteza hata moja! Majivuno matupu.

Jumanne, 5 Machi

Mawingu, mvua hakuna. Mchana nimekwenda duka la kona, lile la vyakula mbele na vinywaji nyuma.

Nina utaratibu. Rafu ya usawa wa macho ni ya majivuno: chupa nzito, lebo za dhahabu, kitako kimebonyea ndani. Wanaonunua pale wananunua kioo. Rafu ya usawa wa kiuno ni ya watu wenye haraka. Rafu ya usawa wa magoti ina vumbi, na penye vumbi pana heri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama. Goti la kushoto likalalamika, nikaliambia lisubiri.

Nimezipata! Nyekundu ni Shiraz, lebo haina dhahabu, ina kilima tu kilichochorwa na mtu asiyejua kuchora vilima. Nyeupe iko chini zaidi, kona ya ndani, nyuma ya maboksi ya soda. Nadhani hata mwenye duka amezisahau. Chenin. Mimi nasema Shenini. Daktari hutamka kama anayezima mshumaa. Zote mbili nusu ya bei ya zile za usawa wa macho. Nikachukua moja moja za kujaribu.

Nikiwa bado nimechutama, nikaona viatu vyeupe vya unesi vikiingia mlangoni. Ganzi! Sikupoteza muda. Nyekundu sita zilizobaki nikazikumbatia, nikatambaa nazo hadi rafu ya siki, nikazipanga nyuma. Nani aende kutafuta mvinyo kwenye siki? Nyeupe sikuzigusa, zimejificha zenyewe. Nikatoka nikimsalimia Ganzi kwa upole wa mtu asiye na siri.

Jioni, kuonja. Nyekundu: rangi ya zambarau zilizoiva, na ukiinua glasi kwenye taa ukingo wake unang'aa kama hariri. Pilipili manga, moshi kidogo, ngozi ya kiatu kipya. Unaingia kinywani kwa adabu, unavuta kiti, hauagi upesi. Nyeupe: tofaa lililokatwa sasa hivi, asali kwa mbali, kisha uchachu wa kukaza mashavu unaoachia taratibu, kama mtu aliyekukemea halafu akakuandalia chai. Nimekaa nayo dakika nyingi bila kusema neno. Daktari angeona fahari.

Mume wangu ameonja pia. Nyekundu ameiita juisi iliyokasirika. Nyeupe ameiita juisi iliyosamehe. Hajui lolote kuhusu mvinyo, lakini mara moja moja hupatia.

Jumatano, 6 Machi

Jua kali tangu asubuhi. Siku mbaya.

Nimerudi dukani kuchukua chupa za Ijumaa. Nyuma ya siki hakuna kitu. Nimehamisha siki yote, ya zabibu, ya matofaa, hata ile ya kusafishia vioo. Hakuna!

Mwenye duka akanikuta nimepiga magoti. Akanisimulia mkasa, akicheka mpaka akashika rafu. Eti kuna mtu asiye na adabu alichanganya mvinyo na siki. Na mke wake, ambaye hubandika bei kwa kufuata rafu bila kusoma lebo, akapita na mashine yake, tak tak tak, akabandika chupa zote sita bei ya siki. Kabla hawajashtuka akaja mama mmoja, nesi, anayeongea sana, akabeba tano. Ya sita walimnyang'anya kwa kuomba radhi.

Nimeuliza kama hiyo ya sita bado ina bei ya siki. Hapana, wameshairekebisha.

Nimeinunua kwa bei kamili. Mwenye duka akasema anatamani amjue huyo mtu aliyezihamisha. Nikasema hata mimi.

Nyeupe nimeikuta mahali pake. Angalau hiyo Ganzi hajaijua.

Alhamisi, 7 Machi

Upepo, vumbi, wagonjwa wachache. Nafasi nzuri ya kufikiri.

Ganzi ametangaza kwamba kesho ataleta karanga za kukaanga zenye pilipili, za kumfungua Daktari kinywa. Nimemwelewa! Karanga za pilipili hufanya kila mvinyo uonekane bora. Anataka kumhonga ulimi.

Nimekuja na dawa yake. Nimeandika tangazo kwa mwandiko wangu mzuri, nikalibandika mlango wa chumba cha matibabu: Kila mwonjaji asukutue kinywa kwanza. Nani atabisha? Sisi ni watu wa meno. Kupeleka kinywa kichafu mbele ya mvinyo mzuri ni aibu ya kazi. Nimeandaa vikombe vya dawa ya kusukutua, ile kali ya mnanaa tunayowapa wagonjwa wa fizi. Karanga zitasombwa, kinywa kitabaki uwanja safi, na mvinyo wangu utaingia uwanjani peke yake.

Chupa ya nyeupe iko kwenye friji ya kliniki, kati ya sindano na chakula cha fundi wetu wa meno ya bandia. Leo sitalala vizuri kwa furaha.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi shwari, anga safi kama sinki lililosuguliwa. Naandika yote, hata yanayouma.

Baada ya mgonjwa wa mwisho tulikusanyika wanne: Daktari, Ganzi, fundi na mimi. Kizibuo kililazwa kwenye trei ya chuma kando ya koleo, kikimsubiri mwenyewe. Karanga zikaliwa. Kisha nikaelekeza watu kwenye tangazo, tukasukutua wote kwa bidii kama mfano wa kuigwa. Fundi, anayevaa kazi ya mikono yake mwenyewe, aliyatoa meno akayasuuza kando, akayarudisha.

Chupa zikavishwa vitambaa zisijulikane. Daktari akazifungua zote kwa mkono, krr, krr, akamimina. Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akaivuta taa ya kuchunguzia meno, akainua glasi ya kwanza. Sitasahau rangi ile. Taa iliyomulika mapengo ya watu miaka yote ikapita katikati ya mvinyo mwekundu, na ukuta wote ukawa na haya usoni.

Akaonja. Akafumba macho. Nikajua umemgusa.

"Binti yangu," akasema, "huu mvinyo umepigwa mswaki."

Tukaonja wote. Kweli. Nyekundu ilikuwa kama msumari uliochovywa kwenye mnanaa. Nyeupe hata kuielezea siwezi. Tukapanga foleni kwenye sinki la kutemea kama wagonjwa. Fundi alisema kwa upande wake meno yalionja vizuri, ufizi ndio uliokataa.

Nilitamani sakafu inimeze. Daktari hakugomba. Akalisoma tangazo langu tena, akacheka hadi machozi, akasema katika kazi yake yote hajaona mtu aliyemuua mvinyo kwa usafi. Akaagiza mkate mtupu na maji, tungoje. Tukangoja. Ganzi akasimulia hadithi ya shemeji yake na gari bovu, tukafa ganzi wote.

Lakini hapa ndipo ilipotokea heri! Nyekundu kwenye glasi ilikuwa imepata hewa muda wote ule. Ilipoonjwa tena ilikuwa imejikunjua: pilipili manga mbele, zambarau nyuma, na mwisho mrefu usiotaka kuondoka. Daktari alinyamaza. Sisi tukanyamaza. Hata Ganzi.

Nyeupe ya Ganzi ilikuwa tamu kama dawa ya kikohozi. Yangu ilipofika, Daktari aliomba aongezwe. Nilimimina kwa mikono miwili.

Vitambaa vikavuliwa, risiti zikasomwa. Nyekundu zetu ni zile zile, kilima kile kile kibovu. Ila risiti ya Ganzi ni bei ya siki.

Daktari akapima kizibuo kiganjani. Akasema nyeupe yangu ndiyo bora ya usiku, hilo halina ubishi, na kwamba mwanafunzi wake amekua. Nikanyoosha mkono. Akaendelea.

"Lakini mtu anayepata mvinyo kama huu kwa bei ya siki, huyo ndiye aliyenielewa."

Kikaenda kwa Ganzi. Akashukuru kwa kirefu. Mwisho akasema Mungu ambariki yeyote aliyezihamisha chupa zile.

Kudai sifa ni kukiri kosa. Nimeosha glasi zote peke yangu. Moja nimeilia kidogo.

Daktari aliniaga mlangoni. Akasema nyeupe ile ataikumbuka. Akaniomba nisiache kuinama.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua ya asubuhi, ikakatika saa nne. Kiti cha Daktari kitupu. Daktari mpya anaanza Jumatatu. Nasikia hunywa soda.

Ganzi alikuja mezani kwangu akasimama, kimya. Nikamuuliza kama anaumwa.

Akatoa kizibuo mkobani, akakiweka juu ya kitabu cha miadi. Akaniambia alifika nyumbani, akamwita mume, akamwita mama mkwe, akaweka chupa zake nne za Shiraz mezani, akakishika kizibuo mbele ya ukoo mzima. Zote ni za kifuniko cha kuzungusha. Hata zile nyingine za rafu za chini alizoenda kuzitazama leo asubuhi ni za kuzungusha. Krr, na basi.

"Mwenzangu," akasema, "nimeshinda mwiko, na nyumbani kwangu hakuna sufuria."

Anataka kubadilishana. Nimwambie nilikoipata nyeupe ile, yeye anipe kizibuo. Ameniapia kwamba usiku kucha ulimi wake umekuwa ukiitafuta.

Nimemwomba dakika moja ya kufikiri, nisionekane mlafi. Sikuimaliza hiyo dakika. Rafu ya chini, kona ya ndani, nyuma ya maboksi ya soda.

Kizibuo ni changu! Nimekibeba nyumbani ndani ya glavu safi. Mpini unakaa kiganjani kana kwamba nilichongewa mimi. Mume wangu amekitazama, akauliza tunafungua nini. Hana jicho la kuona mbali.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi tulivu, jua la wastani, umande dirishani.

Kizibuo bila kizibo ni upungufu. Nimekwenda dukani, nikasimama wima, usawa wa macho, goti la kushoto likafurahi. Nikachagua chupa nzito kuliko zote, lebo ya dhahabu, kitako kimebonyea mpaka kidole kinapotea. Mwenye duka alinipigia hesabu mara mbili kwa mshangao. Bei siandiki hapa, mume wangu anajua ninapoweka shajara hii.

Baada ya chakula nimeifungua mbele yake. Nimezungusha kama Daktari, bega limelegea, kiwiko karibu na mbavu. Mlio ulioje! Pop, mnene, wa kistaarabu. Kweli nusu ya kizibo ilibaki ndani, na mvinyo tumeuchuja kwa chujio la chai. Lakini mlio!

Mvinyo wenyewe si mbaya. Mume wangu ameuita juisi iliyonyamaza, akauliza kama ile iliyosamehe ipo bado. Nimemwambia mvinyo haunywewi kwa ulimi peke yake, kuna na sikio. Akamaliza glasi yake kwa ajili yangu. Mume mwema.

Kuhusu iliyosamehe: nilipita kona ya soda nikitoka. Ganzi ameshafika. Zimebaki chupa nne tu. Pesa ya kuzibeba sikuwa nayo tena, nilishashika ile ya dhahabu. Ila sikuhangaika. Mwenye duka alipogeuka, nilizikumbatia zote nne, nikazipeleka mahali salama ambapo binadamu mwenye akili timamu hawezi kuzitafuta.

Nyuma ya siki.

Sasa ni saa nne na nusu usiku. Kizibuo kiko chini ya mto. Nalala, usingizi wa mtu aliyejipanga.