Saa Mbili za Mratibu

Inatangazwa kwa wananchi wote wa delta, wa nchi kavu na wa matopeni, kwamba Ofisi ya Uratibu wa Uwahi imeingia katika zama mpya. Hakuna chombo wala mtumishi atakayechelewa tena, kwa kuwa ofisi inanunua saa.

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi mjini Kibiti, na Mratibu mwenyewe, Bwana Ridhiwani Sadala, alisimama akalisoma mara tatu. Kila mara aliliona zuri zaidi.

Kwa asiyeifahamu ofisi hii, ina watumishi watatu, muhuri mmoja na boti moja. Boti ilinunuliwa kuwaleta wagonjwa na wajawazito kutoka Maparoni hadi Nyamisati, ambako gari huwachukua kuja Kibiti. Ilikuwa boti mpya, nzuri, na haijawahi kwenda popote, maana muda wake wa kuondoka haujapangwa. Muda haukupangwa kwa sababu ofisi haikuwa na saa rasmi. Na saa rasmi haikununuliwa kwa sababu zilizoletwa zilikuwa mbili, na Mratibu alizipenda zote.

Zote zilikuwa saa za michezo za kifahari, zile zinazovaliwa na watu wasiocheza chochote. Ya kwanza ilikuwa ya milioni nane, ya chuma kinachong'aa, inayoweza kuzama mita mia moja bila kuingia maji. Ya pili ilikuwa ya milioni ishirini na moja, na hiyo ilizama mita mia tatu. Bwana Ridhiwani hakujua kuogelea, na akivuka daraja pale Ndundu hupandisha vioo vya gari. Lakini mwezi ujao kulikuwa na mkutano wa waratibu Dodoma. Mwaka jana mratibu wa kanda jirani alishinda kutwa nzima amekunja mikono ya shati ili saa yake ionekane, na Bwana Ridhiwani alirudi nyumbani akiutazama mkono wake mtupu. Jambo lile lilimuuma kweli.

Kwa hiyo wakala wa saa kutoka Masaki alimwachia saa zote mbili azijaribu, naye akazijaribu, moja kila mkono, kwa wiki mbili. Kisha akaitisha Kamati Ndogo ya Ulinganishi wa Saa.

"Bosi," alisema Abdulhalim, afisa ugavi, "mto pale Maparoni, maji yakijaa sana, ni pima tatu, hazifiki hata mita sita. Hizo mita mia tatu tutazitoa wapi?"

"Tusitazame mto ulivyo leo. Tutazame dira."

"Basi si tuchukue ya milioni nane?"

"Ukinunua ya milioni nane, umetumia milioni nane," Mratibu alifafanua kwa upole. "Hii ya ishirini na moja inadumu miaka hamsini. Kila mwaka unaokoa. Ukishaokoa vya kutosha, unanunua na ile ya nane."

Abdulhalim alipiga hesabu hiyo kwenye kiganja, kisha akakifuta kiganja kwenye suruali.

Mlango ukagongwa. Aliingia Bi Tabu wa Maparoni, mama wa makamo mwenye kanga iliyolowa upindo, kwa mara ya nne mwezi huo.

"Shikamoo, mama," alisema Mratibu.

"Marahaba, baba. Nimekuja kwa lile lile. Mwanangu Nasma mimba imetimia miezi minane. Ile ya kwanza alijifungulia ndani ya mtumbwi, huko mikokoni, na mtoto hakukaa hata siku. Boti ipo, mafuta yapo, na nahodha yupo anacheza bao. Tupangieni tu itoke lini, tujue."

"Mama, boti haiwezi kuondoka bila saa rasmi."

"Sie huko twatazama maji, baba."

"Maji si mtumishi wa umma," alisema Mratibu, na Sihaba, katibu muhtasi, akainamisha kichwa kama anayetafuta kalamu iliyoanguka. Bi Tabu alikwenda kukaa kwenye benchi la nje. Alisema haondoki safari hii mpaka ajibiwe, hata kama atalala hapo.

Kamati ikafikia uamuzi wa busara: zinunuliwe zote.

"Sihaba, andika barua kwenda makao makuu," alisema Mratibu. "Lakini wakaguzi siku hizi wana macho. Usiandike bei. Usiandike za mkononi, wala za michezo. Usiandike kununua."

"Sasa niandike nini, bosi?"

"Andika hivi: Kikao kimeridhia saa mbili, kwa ajili ya kuwahisha boti ya Maparoni. Idhini inaombwa."

"Saa mbili tu? Basi?"

"Saa mbili, basi. Wenye akili wataelewa."

Majibu yalikuja Alhamisi, na kwa ofisi ya serikali huo ni muujiza. Mratibu aliipasua bahasha akasoma kwa sauti: "Saa mbili imeidhinishwa!" Akampa mkono Abdulhalim, akampa na Sihaba.

"Bosi," alisema Abdulhalim polepole, "wamesema imeidhinishwa."

"Si ndiyo! Imeidhinishwa!"

"Zingekuwa zile, wangesema zimeidhinishwa."

Mratibu aliendelea kusoma, safari hii kimya kimya. Makao makuu yalimpongeza kwa kupanga muda wa safari bila kuitia serikali gharama hata senti. Boti iondoke Maparoni kila siku muda huo uliopendekezwa. Na ili usimamizi uwe wa karibu, Mratibu ahamie Maparoni kabla ya Jumatatu.

Akapiga simu.

"Bwana Ridhiwani!" mkuu wake alifurahi. "Barua yako nimeisoma kwenye menejimenti. Fupi, haina longolongo."

"Ahsante, mheshimiwa. Ila kuna herufi kidogo imepotoka. Sisi tuliomba saa mbili."

"Tumekupa."

"Saa mbili zile, mheshimiwa."

"Zile zipi?"

Mratibu alizitazama, moja kila mkono. Jasho lilikuwa likipita chini ya mkanda wa ile ya milioni ishirini na moja. Sihaba na Abdulhalim walikuwa wakiliangalia dari.

"Sikuelewi," ilisema simu. "Unataka kusema ya asubuhi au ya usiku?"

"Ya asubuhi, mheshimiwa," alisema Mratibu.

Bi Tabu akainuka benchini na jibu lake, na wakala akaja kuchukua saa zake Ijumaa. Jumatatu asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, boti ilinasa kwenye tope la Maparoni, na Mratibu aliisukuma pamoja na wengine, suruali magotini, Nasma amekaa ndani na kapu lake. Walifika. Alijifungua salama Kibiti siku ya tatu, mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti kubwa. Bi Tabu alilia kwa furaha wodini, akawaambia ndugu kwamba kwa wema aliotendewa, mtoto aitwe Ridhiwani.

Nasma akauliza mtoto amekosa nini.